Masikio ya Kilemba cha Rozálie

Kwa miaka arobaini na moja, karibu hakuna binti wa mji wa Loučkov aliyetoka nyumbani siku ya sikukuu ya kanisa bila kupita mikononi mwa Otilie Vrbková. Shuleni hakufika mbali. Alifanya kazi kiwandani, akitia matango na siki kwenye chupa, mpaka kiwanda kikafungwa. Lakini ukitaka mikono ya blauzi iliyotiwa wanga ikasimama yenyewe kama mipira miwili, ulikwenda kwake. Na ukitaka kilemba, hukuwa na pengine pa kwenda. Alijifunza kwa shangazi yake, ambaye hakuwahi kumweleza neno. Alimchapa vidole tu kila alipokosea.

Kilemba chenyewe ni kitambaa chekundu cha maua, ncha zake mbili zimesimama juu ya paji la uso kama masikio ya sungura. Zikilala kidogo tu kuelekea mabegani, basi umemfunga msichana wa mji ule mwingine, ng'ambo ya mto. Jitka wa buchani alifungwa hivyo na mama yake mwaka wa themanini na saba, wakati Otilie yuko hospitalini anajifungua. Jitka sasa ana wajukuu, na bado watu wanamwita Wa Ng'ambo.

Mwaka huu Rozálie, mjukuu wa Otilie, alichaguliwa kuongoza mabinti kwenye ngoma ya sikukuu. Katika ukoo wao hakuwahi kuchaguliwa mtu. Na siku tisa kabla ya sikukuu, Otilie akapanda ngazi kuchuma plamu, ngazi ikateleza, na mkono wa kulia ukaishia kwenye plasta mpaka juu ya kiwiko. Mabinti wengine kumi na mmoja wakapelekwa kwa mtu wa makumbusho.

"Na Rozálie naye aende huko, Mama," alisema mwanawe, baba yake Rozálie.

"Yule anavalisha sanamu. Sanamu haichezi ngoma! Mdomo wangu haujavunjika. Iva atakuwa mkono wangu."

Iva ni mkwe wake, mama yake Rozálie, mtu wa Bohemia, mkoa mwingine kabisa. Kwa miaka kumi na tisa hakuruhusiwa kuvuka mlango wa jikoni siku ya kuvalisha.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, Rozálie alisimamishwa katikati ya jikoni. Ukishafungwa sketi ile hukai, marinda yatavunjika. Kwa hiyo alikula mkate wa plamu akiwa wima, taulo kidevuni, mama yake akimlisha.

"Bibi, naomba kwenda chooni."

"Ungekwenda jana."

Mikono ya blauzi ilikaa vizuri. Kikaja kilemba.

"Kunja pembe kwa pembe," Otilie aliamuru. "Haya. Zungusha kushoto."

"Kushoto kwangu au kwake?"

Kidole gumba cha Otilie kikatikisika ndani ya plasta. Kidole kilijua. Yeye mwenyewe hakuwahi kukiuliza.

"Kushoto... huko kwenye jiko. Hapana, dirishani! Vuta. Wee, unavuta kama unakamua ng'ombe!"

Masikio yakalala. Ng'ambo kabisa. Rozálie alijiona kwenye kioo, akageuza uso. Wakafungua, wakaanza upya. Yakalala tena. Kutoka kona ya kanisa zikasikika tarumbeta. Vijana walikuwa njiani kuja kumchukua.

Iva akateremsha mikono. "Mama, hebu nyamaza."

Marehemu mume wa Otilie aliwahi kumwambia hivyo. Mara moja.

"Miaka kumi na tisa nakuchungulia kutoka pale mlangoni," Iva alisema. "Unanifukuza, narudi. Nakijua kilemba hiki. Ukiongea tu, napotea. Kaa chini."

Otilie akakaa. Iva alibana pini kwa meno, akakunja, akavuta, kisha gumba lake likapenya chini ya kitambaa, likageuka mara moja na kutoka. Otilie akainama mbele kuona vizuri. Kumbe ndivyo anavyofanya yeye mwenyewe! Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kujiona.

Masikio yakasimama.

Tarumbeta zilikuwa zimefika getini. Rozálie alitoka mlangoni kiubavu ili mikono ya blauzi ipite, na kijana kiongozi akavua kofia yake ya manyoya. Jirani yao Cyrila, aliyekuwa ameegemea ua pamoja na wenzake, alikodoa macho.

"Otilie, sikio la kushoto limeshuka kidole kizima."

Lilikuwa limeshuka kweli. Otilie alishaliona kabla ya mtu yeyote.

"Upepo huo."

"Upepo gani? Hata jani halitikisiki!"

"Basi ni miwani yako. Kafunga mkwe wangu, na kilichofungwa hapo ni kilemba cha Loučkov."

Wanawake wakacheka, Cyrila akiwemo. Mmoja wao akamsogelea Iva, aliyekuwa bado na pini mdomoni. "Mwenzangu, kesho kwenye ngoma ya siku ya pili nikuletee na binti yangu? Yule wa makumbusho kamfunga kama gunia la viazi."

Iva akamgeukia mama mkwe, shingo nzima imeiva kwa wekundu.

"Walete wote," Otilie alijibu badala yake. "Saa kumi na moja alfajiri."

"Wote? Mimi peke yangu?" Iva aliuliza.

"Mimi nitakuwepo, nimekaa."

"Na utanyamaza?"

Otilie alilifikiria hilo kwa makini.

"Kwa wawili watatu wa mwanzo," alisema, "nitajaribu."