Mgeni wa Njano katika Mashamba ya Makere

Siku yangu ya kwanza kazini Kibondo nilivaa shati jeupe, nikidhani utafiti wa kilimo ni kazi ya mezani. Mtafiti Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu kidogo, alinitazama kuanzia kola hadi viatu, akanikabidhi mzani na kunipeleka ghalani. Humo mlikuwa na mifuko ya maharage ya aina moja, kila mfuko umetoka kipande chake cha shamba, vipande vyote vya ukubwa mmoja. Nikapima yote. Hakuna mfuko uliolingana na mwenzake.

"Sasa, kijana," alisema, "kabla hujaniambia mbegu hii imeizidi ile, niambie kwa nini mbegu moja imejizidi yenyewe."

Nilirudi kwenye mzani nikapima upya. Shati nalo halikuwa jeupe tena.

Tulimwita Mama Mfawidhi, mbele yake na nyuma yake, heshima ambayo wakubwa wengi hawaipati. Yeye ndiye aliyenifundisha uchanganuzi wa variansi, ambao sisi tuliuita anova tu. Ukiwa na mbegu mbili, alisema, linganisha wastani na wastani. Zikiwa nne, ukizipambanisha mbili mbili unazipa nafasi nyingi mno za kukudanganya, na moja itaonekana bingwa kwa bahati tu. Anova huziweka zote pamoja na kuuliza swali moja: je, tofauti kati ya makundi inazidi ile iliyomo ndani ya kila kundi? Ya ndani ni kazi ya udongo, mteremko, kichuguu na mbuzi wa jirani. Unaigawa ya kati kwa ya ndani, unapata uwiano wa F. Ukikaribia moja, nyamaza. Ukiwa mkubwa, unaweza kuanza kusema, tena kwa adabu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kasulu, kusimamia majaribio katika mashamba ya wakulima wa Makere. Aina zilikuwa nne: mbili walizozizoea, moja ya asili waliyoiita maharage ya nyumbani, na moja ngeni, ya njano, inayowahi kuiva. Mratibu wa mradi, bwana mchangamfu asiyejua kusubiri, alikwishaandaa mkutano wa hadhara. Ya njano ikishinda, kila kaya ingebadili mbegu, na ya nyumbani ingeuzwa sokoni mpaka iishe. Akina mama wa Makere walikuwa wameitunza mbegu ile tangu enzi za bibi zao. Ikishaingia kwenye masufuria ya mjini, isingerudi.

Hesabu zikatoka. Ya njano iliongoza kwa mbali, F kubwa ajabu. Nikapanda basi kwenda Kibondo kumwonyesha Mama Mfawidhi, nikiwa nimevimba kichwa. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hizi tatu zinapanda na kushuka, shamba hadi shamba, kipande hadi kipande. Ndivyo ardhi ilivyo. Hii ya njano haiyumbi kabisa. Mbegu gani hiyo isiyojua kichuguu wala mteremko? Kuna mtu anaishika mkono."

Kesho yake tulikuwa Makere, kwa Mama Leonia, kiongozi wa kikundi cha wakulima. Alitupokea kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye!" na viti viwili vilivyofutwa vumbi. Mama Mfawidhi hakuketi. Alizunguka mashamba, na kila alipofika, ya njano ilikuwa imevunwa jirani na nyumba, pale panapomwagwa majivu na samadi. Mimi nilikuwa nimegawa vipande kwa kura ya bahati, ili kila mbegu ipate udongo mzuri na mbaya, na kupiga vigingi kwa mkono wangu!

"Mama Leonia, vigingi vilihama?"

"Tulivihamisha sisi, mama," alijibu bila wasiwasi wowote. "Mmetuletea mgeni kutoka mbali. Tungemlaza wapi? Kule kwenye mchanga? Hapana bhana, hata nyinyi mngetucheka."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Mfawidhi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamshika mikono. "Mmemkirimu vizuri. Msimu ujao mgeni naye apigiwe kura kama wenyeji, na kura mpige nyinyi wenyewe."

Kumwambia mratibu ilikuwa kazi nyingine.

"Mama, wananchi wanataka jibu, hawataki hesabu," alisema, uso umekunjamana.

"Watalipata. Likichelewa, watakuwa bado na mbegu zao. Likiwa la uongo, hawatakuwa nazo."

Mkutano ukaahirishwa. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi wenye sauti nzito, lakini sijaona ujasiri kama ule wa kukataa matokeo mazuri.

Msimu uliofuata akina mama walipiga kura kwa vipande vya magunzi, kwa kelele na utani, na hakuna aliyegusa kigingi. Mvua ilikatika mapema. Kwenye mchanga ya njano ilinyauka, ya nyumbani ikasimama. Kwa jumla F ilishuka, ikakaribia moja, na kwa mara ya kwanza nilifurahia F ndogo. Tuliwashauri wapande ya njano karibu na nyumba wakipenda, na ya nyumbani ibaki mashambani. Mratibu mwenyewe aliusoma ushauri huo mkutanoni, na aliusoma vizuri.

Sasa nimestaafu, niko Kasulu. Ninyi vijana wa utafiti, kompyuta inawapa F kabla chai haijapoa, nami nafurahi, kwani kukokotoa kwa mkono hakukuwa na utamu wowote. Ila nendeni mkaone vigingi. Mama Mfawidhi ametangulia mbele ya haki, na hadi leo nikiona matokeo yaliyonyooka mno namsikia akiuliza ni nani anayeyashika mkono.

Nyuma ya nyumba yangu nina bustani, yenye kona ya mchanga nilikopanda maharage ya nyumbani. Mama Leonia anapokuja mjini hupitia kwangu. Kiti kinamsubiri na chai imeiva, lakini yeye kwanza hupita moja kwa moja hadi kule mchangani, huinama, huyapapasa maganda, kisha hugeuka.

"Bado yapo," husema. Ndipo hukubali kuketi.