Selotepu Nyeusi ya Kagwiria

Kagwiria alifundisha elektroniki katika chuo kimoja cha ufundi karibu na Nkubu, na wanafunzi wake walijifunza kompyuta kwa kuichora ubaoni. Kompyuta zenyewe zilikuwepo: kuukuu, za msaada, prosesa, yaani ubongo wake, zimeungua, na waliozitengeneza waliacha zamani. Takataka za watu, zikapokelewa kwa vigelegele.

Mwaka wa tisini na tatu aliamua kuiunda prosesa hiyo upya. Alitafuta chipu tupu, zile ambazo mtu huziandikia mwenyewe kazi ya kufanya, akaazima Nairobi mashine ya kuziandikia, akaiiga prosesa ya kale mpaka kompyuta moja ikaamka. Wanafunzi wangeigusa mara tu maonyesho ya chuo yakiisha. Kila chipu ilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni. Jua likikipiga siku nyingi, yaliyoandikwa hufutika. Akaviziba vidirisha kwa selotepu nyeusi, akairudisha mashine ya watu, kisha akaenda Embu kusahihisha mitihani.

Aliporudi, kompyuta ilikuwa verandani, kifuniko wazi, imeanikwa juani wiki nzima kama mahindi. Selotepu hazikuwepo.

"Nani alizibandua?"

"Ni mimi, Madam," alisema Thuranira, mkuu wa chuo. "Kitu kizuri hakifungwi bandeji kama kidonda. Mgeni wa heshima aone ndani."

Kagwiria akaiwasha. Kimya.

"Imesahau kila kitu."

"Basi tia balbu ya tochi penye taa yake ya mbele. Ikiwaka, nani atajua?"

Kagwiria akamsukumia kifuniko. "Tia mwenyewe."

Naye akaitia kweli, na betri zake, akafunga kifuniko.

Siku ya maonyesho, katikati ya hotuba, stima ikapotea. Spika zikanyamaza. Kompyuta ikaendelea kuwaka.

"Mnaona?" alisema mgeni wa heshima. "Hii ya kwetu hata stima haitaki."

Walimu wakapiga makofi, wale wale waliojua siri ya balbu. Kagwiria akahisi kama amemezeshwa mate ya mtu mwingine. Lakini nyuma wanafunzi wake nao walikuwa wakipiga, kwa furaha ya kweli, na hilo ndilo lililomwinua kitini.

"Kaa, Madam," Thuranira alinong'ona. "Usitutie aibu."

"Aibu umeshaitia betri, Bwana Mkuu."

Akafungua kifuniko, akaigeuza kompyuta upande wa wanafunzi. Kisha akazing'oa chipu zake, akazifunga kwenye leso ili azipeleke Nairobi zikaandikwe upya. Makofi yalikuwa yamekoma. Balbu ilikuwa bado inawaka.