Tulipotafuta Mlezi Siku ya Ijumaa

Kosa letu lilikuwa kutoka siku ya Ijumaa.

Rafiki yangu haoni tangu utotoni. Chuoni simu yake ilimsomea kila kitu kwa sauti ya kike iliyotamka Kiswahili kama mtalii aliyeshuka jana. Neno ng'ombe lilimshinda kabisa bibi yule. Tukaanza kutengeneza sauti yetu wenyewe, programu huria: tunaigawa bure, na yeyote yuko huru kuirekebisha. Mpango mmoja wa wanafunzi, unaolipa posho, ulitupokea kwa sharti kwamba hadi Ijumaa jioni tuwe na mlezi, mtu mzoefu wa kukagua kazi yetu, na mfadhili wa kutupa kompyuta. Bila hao tunaondolewa. Mimi ningepata kibarua kwingine. Yeye kila alikoomba kazi aliambiwa atapigiwa, na hakupigiwa.

Tuliwaandikia mafundi wa programu tuliowajua na tusiowajua. Kimya. Ndipo nikasema twende Kariakoo kwenye maduka ya kompyuta, hakukosi mtu anayejua mtu.

Duka la kwanza sikumaliza hata salamu. Muuzaji alichukua sarafu kwenye kaunta, akamwekea rafiki yangu kiganjani na kumkunja vidole.

"Mtuombee dua, vijana."

Ijumaa wenye maduka hutenga sarafu za sadaka, na wasioona hupita mlango hadi mlango wakishikwa mkono. Nami nilikuwa nimemshika mkono! Nimezaliwa Mchafukoge, mtaa wa jirani tu, nimeyaona hayo maisha yangu yote, na bado nilisahau. Nilijichukia.

Tuliirudisha sarafu, tukaendelea hadi duka la mama mmoja.

"Shikamoo, mama. Tunatafuta mlezi."

"Marahaba. Jamani, kwani wazazi wamefariki?"

"Hapana, mama. Mlezi wa programu."

"Poleni sana, wanangu," akasema, akafungua mkoba.

Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuliinama mchana kutwa. Mmoja aliyetuelewa aliuliza, "Sasa kama mnagawa bure, mimi nakula wapi?" Nilitamani kumjibu vibaya, rafiki yangu akanifinya.

Karibu na nyumbani kwetu, mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la kompyuta alizima feni ili atusikie vizuri. Aliuliza maswali ya maana.

"Binti yangu anafanya kazi hizi hizi. Yuko safarini. Njooni Jumatatu."

"Mzee, mwisho ni leo."

Alitutazama kwa huruma ya kweli. Kisha, kwa mazoea tu, mkono wake ukaenda kwenye kopo la sarafu.

Nje, simu ya rafiki yangu ilipokea ujumbe. Bibi mtalii akausoma hadharani, akiyavunjavunja maneno, lakini tulimwelewa: tumeondolewa. Nililia pale pale barazani, wapita njia wakitukwepa. Yeye hakulia. Aliniambia twende.

Kwenye mlango uliofuata, kabla sijafungua mdomo, alinyoosha kiganja. Nikamshusha mkono. Akaunyoosha tena.