Tulivyompeleka Shikuku Kilimambogo kujifunza kuogelea, na mwalimu tuliyemkuta huko

Wakuu, niaje.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, wa wale wanaopita, wanacheka, wanaenda zao. Leo ni zamu yangu. Sitaongeza chumvi. Ile mtakayoionja ilitiwa na Shikuku mwenyewe alipokuwa akisimulia mtaani, na nimejitahidi kuipunguza.

Mnijue kidogo kwanza. Shule niliachia kidato cha pili. Tangu hapo nimebeba marobota ya mitumba soko la Gikomba, nimepaka nyumba rangi, nimeuza mayai ya kuchemsha, na nimekaa wiki tatu na fundi wa saa nikitaka tu kujua ndani kuna nini. Mama husema sijatulia. Mimi humwambia bado naangalia.

Marafiki zangu wa karibu ni wawili. Shikuku, ambaye tumekua naye mtaa wa Mbotela, milango ikitazamana. Na Mwende, anayepunguza na kushona nguo Gikomba, binti wa mchonga vinyago, ulimi wake una makali kuliko mkasi wake. Tuna group yetu ya simu inaitwa Mbogi ya Watatu. Kwa mlio mbali, mbogi kwa Sheng ya huku kwetu ni kundi la marafiki. Shikeni hilo neno, tutalihitaji.

Sasa twende.

Shikuku alikuwa caretaker wa flat moja huko mtaa wa Fedha. Flat ikauzwa, mwenyewe mpya akaja na caretaker wake. Shikuku akakaa miezi minne akituma CV kila mahali, mpaka hoteli moja, ambayo sitaitaja, ikamwita interview ya lifeguard. Siku ni Jumanne. Na kuna test: unavuka swimming pool kutoka upande mmoja hadi mwingine, watu wakikuangalia.

Shida ilikuwa moja tu. Shikuku hajui kuogelea.

Kwenye CV, pale pa hobbies, aliandika "swimming" kwa sababu, nanukuu, "kila mtu huandika."

"Si ungeandika reading?" Mwende akamuuliza.

"Wangeniuliza kitabu gani."

Tungecheka yakaisha, lakini mama yake alikuwa tayari amesimama kanisani Jumapili na kumshukuru Mungu kwamba mwanawe sasa atakuwa akiokoa maisha ya watu. Wamama wakapiga vigelegele. Pasta akamfananisha Shikuku na Petro aliyetembea juu ya maji, ambaye, mkikumbuka vizuri, alizama.

Kwa hivyo mtu wetu alikuwa na siku chache tu. Akishindwa, anarudi kukaa nyumbani kwa mama bila kazi, na mama anarudi kanisani bila la kusema. Usiku halali. Mchana anatazama ndoo ya maji kama mtu anayetazama adui.

Tukamwambia aende pool ya mtaani. Akakataa. Ilikuwa Agosti, watoto wako likizo, pool zimejaa. "Siwezi kufundishwa kuelea katikati ya gredi ya pili," alisema. "Wataniita mjomba."

Ndipo Mwende akasema susu yake, yaani nyanya yake, anaishi chini ya mlima Kilimambogo, na kuna kijito kinachoteremka kwenye mawe, kina vidimbwi safi, na hakuna mtu wa kumcheka mtu. Isipokuwa sisi.

Mwende naye alikuwa na lake. Anapenda ndege na wanyama kupita kiasi. Alipata darubini ndani ya robota la mitumba, upande mmoja unaona, mwingine ni giza, na tangu siku hiyo hutembea jicho moja likiwa limefumbwa. Mimi ndiye mwalimu, kwa kuwa niliwahi kujifunza kuogelea kwenye maji ya machimbo ya mawe tukiwa wadogo. Msiige, wenzetu wengine hawakutoka.

Ijumaa jioni tukawa kwa susu. Akatupakulia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, akamtazama Shikuku kutoka miguuni hadi kichwani.

"Wewe ndiye wa kuokoa watu?"

"Ndiyo, susu."

"Kula kwanza."

Jumamosi asubuhi tukapanda, tukifuata njia ya wanakijiji iliyo nje ya ua wa hifadhi. Wakuu, mimi nimezaliwa kwenye lami, lakini mlima ule ulinifunga mdomo. Tuliona mbega juu ya miti, weusi kwa weupe, mikia kama mapazia, wakituangalia kwa dharau ya watu wenye nyumba zao. Tuliona pimbi wakiota jua juu ya jiwe.

"Huyo ni panya aliyekula vizuri," Shikuku akasema.

Nikamweleza kwamba pimbi ni jamaa ya ndovu. Nilisoma kwenye gazeti lililofungiwa mandazi.

"Sawa," akasema. "Na mimi ni jamaa ya samaki."

Tukafika kidimbwi cha kwanza. Maji ya kiunoni, baridi ya kukusahaulisha jina lako. Mwende akapanda jabali la juu na darubini yake, akatuacha na kazi.

Nilimfundisha saa mbili, wakuu. Saa mbili! Nikimwambia legeza mwili, anakakamaa kama ubao wa Gikomba. Ubao wenyewe ungeelea. Nikimshika mgongoni anaelea, nikitoa mkono anakwenda chini akiwa amefumba macho, kimya kabisa, kama mtu aliyekubali matokeo.

Mara ya kumi hivi alitoka akakaa juu ya jiwe, meno yakigongana. Hakuwa anatania tena.

"Boss, Jumanne nitawaambia nini? Mathe ameshatangaza."

Nikamrushia shati lake ajifute.

Hapo ndipo mama mmoja akatokea ng'ambo ya bonde, mtungi wa maji mgongoni, kamba kichwani. Akatuona, akapaza sauti. Upepo ulikuwa mwingi, maneno yakawa yanafika vipandevipande.

"Nyinyi! Huko chini kuna mbog...! Wako majini!"

Mimi na Shikuku tukatazamana. Mbogi! Kuna mbogi nyingine imekuja kuogelea!

"Wako wangapi, mathe?" Shikuku akauliza.

"Watano! Na kuna mzee mmoja mkali sana!"

Sasa hapa, wakuu, nawaomba muwe na huruma. Kwetu Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, ukisema mtu ni mkali, umemsifu. Fundi mkali. Dereva mkali. Uso wa Shikuku uliwaka kama stima imerudi.

"Umesikia? Wana mzee mkali! Huyo ni coach!"

Akamgeukia yule mama akampungia mkono. "Asante mathe! Hao ni wetu! Tunaenda kuwasalimia!"

Yule mama akasimama akitutazama kwa muda mrefu. Halafu akautua mtungi wake chini, akaanza kuteremka upesi kuja upande wetu. Tukasema watu wa huku ni wakarimu, anataka kutusindikiza.

Na nawakumbusha, mlima wenyewe unaitwa Kilimambogo. Jina lipo. Sote tulilitamka njiani bila shida.

Kidimbwi cha chini kilikuwa kikubwa, upana kama barabara ya mtaa, kina kirefu katikati, ukuta wa mawe pande mbili na jiwe bapa ng'ambo. Hapakuwa na mtu. Maji upande wetu yalikuwa yamevurugika matope.

"Wametoka sasa hivi," nikasema kwa ujuzi. Nikaona kinyesi kikubwa cha mviringo, nikakichunguza, maana mimi lazima nichunguze. Bado kilikuwa na mvuke. Nikaamua ni cha ng'ombe.

Tukaacha nguo ukingoni, tukaingia. Nikampeleka Shikuku mpaka maji yalipofika kifuani, nikamlaza chali, mkono wangu chini ya mgongo wake. Kwa mara ya kwanza alikuwa ametulia. Alikuwa anamngoja coach.

Vichaka nyuma yetu vikatikisika.

Shikuku, macho angani, akatabasamu. "Wamerudi," akaninong'oneza. Halafu kwa sauti ya kirafiki kabisa: "Mbogi, niaje! Mzee karibu!"

Mzee akakaribia.

Alitoka kichakani taratibu, pembe zimejikunja kama nywele zilizochanwa kati, pua inavuja, ngozi ina matope mapya. Akasimama juu ya suruali yangu. Akatuangalia.

Sina maneno ya jinsi mbogo anavyokuangalia. Nimewahi kuangaliwa na mwenye nyumba siku ya kodi. Hapana, hii ilikuwa zaidi.

Kutoka jabali lililo juu yetu nikasikia sauti ya Mwende, aliyekuwa ametufuata na darubini yake: "Msitoke upande huo! Vukeni ng'ambo! Polepole!"

Hiyo polepole haikumfikia mtu.

Nilichohisi ni kwamba mkono wangu hauna mgongo tena. Shikuku alikuwa ameshaondoka. Sijui alitumia mtindo gani, sidhani una jina, lakini mikono ilikuwa inazunguka, miguu inapiga, kichwa kimegeuka kinaangalia nyuma, na anakwenda. Mimi, mwalimu, mtu wa machimbo, nilimfuata na sikumfikia. Nilipogusa lile jiwe bapa yeye alikuwa amesimama juu yake tayari, akinipa mkono.

Mzee alikunywa maji bila haraka, akajisaidia juu ya nguo zetu, akaondoka. Nguo zote. Za Shikuku pia, mzee hakubagua.

Tulikaa juu ya jiwe, maji yakitutiririka. Halafu Shikuku akasema polepole:

"Boss. Nimeogelea?"

"Umeogelea."

"Uliniona?"

"Nilikuona mgongo tu. Nilikuwa najaribu kukupita."

Yule mama wa mtungi akafika anahema, Mwende nyuma yake. Ndipo tukajua alikuwa ameteremka kutuokoa.

"Si niliwaambia kuna mbogo?"

"Mathe," Shikuku akasema, amejifunika kwa majani, "sisi tulisikia mbogi."

"Mbogi ni nini?"

Mwende akamweleza kwamba ni kundi la watu, mfano kama hawa wawili.

Mama akatutazama vizuri. "Basi afadhali mbogo," akasema. Akafungua leso yake ya juu akanipa mimi, na Mwende akatoa shuka lake kwa Shikuku. Kicheko cha Mwende kilidumu mpaka kwa susu. Susu alipoelezwa akasema neno moja la Kikamba ambalo Mwende amekataa kunitafsiria mpaka leo.

Jumanne ikafika.

Nilimsindikiza. Askari wa geti la hoteli alinionea huruma akaniacha nikae kwenye kibanda chake, na kupitia ua wa miti niliona pool na kusikia yote. Mkubwa wa pale ni mama mmoja nadhifu, miwani ya dhahabu, faili mkononi. Vijana wawili wakavuka kabla yake, laini kabisa.

Shikuku akasimama ukingoni. Akasimama. Akaendelea kusimama. Nikauma kucha hadi askari akaniuliza kama nimekula.

Halafu nikamwona anageuka, anaangalia nyuma yake, pale kwenye maua ya hoteli, kama mtu aliyesikia kitu. Akaruka.

Alivuka, wakuu. Kwa mtindo uleule. Mikono inazunguka, maji yanaruka hadi kwenye viti vya wageni, na kila baada ya hatua chache kichwa kinageuka nyuma.

Alipotoka, yule madam akamuuliza, "Kijana, unamtafuta nani huko nyuma?"

Hapa angeweza kudanganya. Tulikuwa tumemwandalia uongo mzuri, wa kocha wa zamani. Lakini alikuwa amechoka, na Shikuku akichoka husema ukweli.

"Madam, nisikudanganye. Nimewahi kuogelea mara moja tu, Jumamosi iliyopita. Nilikuwa natoroka mbogo."

Madam akashusha miwani.

"Mbogi ya wapi?"

Kumbe ni wa kwetu! Baadaye tulijua amelelewa hatua chache kutoka Jogoo Road, barabara ya kwetu.

"Hapana madam," Shikuku akasema. "Mbogo. Yule wa pembe."

Ikabidi asimulie yote, akiwa anachuruzika maji, mpaka pale pa nguo. Madam alicheka akavua miwani kabisa, akaketi kwenye kiti cha wageni. Alipomaliza akafuta macho, akawa mkubwa tena.

"Sikiliza. Kiti cha lifeguard sitakupa. Mtu anayeogelea kwa sababu ya hofu, siku mgeni akizama mtazama wawili. Lakini umesema ukweli mbele ya watu. Utaanza kwa kusafisha pool na kupanga taulo. Kila asubuhi kabla ya wageni, lifeguard wetu mkubwa atakufundisha. Baada ya hapo tutaona."

Huu sasa ni mwezi wake wa tatu kazini. Shikuku anapanga taulo, na anaelea bila mkono wa mtu. Anasema wiki iliyopita alivuka bila kuangalia nyuma hata mara moja. Mama yake alisimama tena kanisani kurekebisha ushuhuda, akasema mwanawe "bado hajaanza kuokoa watu, lakini watu wakitoka majini anawakausha." Vigelegele vilikuwa vilevile.

Nilichojifunza mimi? Ukiwa ugenini na mtu akakupigia kelele, usijibu "asante, hao ni wetu." Muulize arudie. Lile neno ulilolizoea mtaani kwenu lina maisha yake mengine huko nje, na pengine lina pembe. Na kama hujui kitu, sema hujui mapema, ukiwa bado na nguo.

Group yetu tumebadilisha jina, sasa ni Mbogo wa Watatu. Mwende anasema wa nne yuko mlimani, hana simu.

Haya wakuu, nani mwingine amewahi kusikia neno moja akaendea lingine? Wekeni hapa, tusicheke peke yetu. Na kama kuna anayejua dawa ya kutoa harufu ya mbogo kwenye jeans, nimeifua mara sita. Naisikia hadi ninapoandika haya.