Bei ya Nyumba Isiyo na Kiwanja

Kule Bukavu watu walimfahamu Cyrille kwa kazi moja: alikuwa mthamini wa nyumba. Benki ilimwita kabla ya kukopesha, ndugu walimwita kabla ya kugawana urithi. Mji ule umekaa juu ya vilima, kwa hiyo kitu cha kwanza alichotazama hakikuwa nyumba yenyewe bali udongo ulioibeba.

Vita vilipomtoa huko, alifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwaka 2008 pamoja na mke wake Cécile na watoto watatu. Cécile alipata cherehani mapema. Cyrille alifyatua matofali ya wengine kwa miaka miwili, kwa sababu kambini hakuna aliyekuwa akitafuta mthamini.

Mchungaji wao ndiye aliyemkutanisha na Mayi Nyirongo, yaani Mama Nyirongo kwa lugha ya huko, Mmalawi mwenye leseni ya uthamini na ofisi ndogo City Centre, Lilongwe. Mayi Nyirongo alikuwa na magoti mabovu, alihitaji mtu wa kupanda darini na kuzunguka viwanja. Mkimbizi hawezi kutia sahihi ripoti. Basi Cyrille alipima, mama yule akatia sahihi. Nyumba ya kupima ilipopatikana, Cyrille aliomba ruhusa ya kutoka kambini akaenda mjini. Aligonga kuta, alifungua mabomba, alinusa makabati kama yana unyevu. Lilongwe ni tambarare, ikabidi ajifunze upya: hapa mnunuzi anauliza kuhusu maji na barabara.

Kuanzia mwaka 2012 kazi ilianza kupooza. Kwacha, sarafu ya Malawi, ilishuka, riba ikapanda, watu wakaacha kukopa, na asiyekopa hana haja ya mthamini. Wiki zilipita kwa nyumba moja tu. Mayi Nyirongo alimwachisha kazi karani wake, akawa anapokea simu mwenyewe, na simu nyingi zilikuwa za watu waliokosea namba.

Halafu mwaka 2016 benki iliyokuwa ikiwapa kazi nyingi ikasema italeta programu ya kompyuta. Unaiandikia mtaa, ukubwa wa kiwanja na idadi ya vyumba, nayo inakupa bei chai yako ikiwa bado ya moto. Kwanza walitaka kuijaribu. Walichagua nyumba zilizokwisha kuuzwa, wakaficha bei zake, wakamwomba Mayi Nyirongo azithamini, na kompyuta nayo izithamini.

Cyrille hakuwahi kupima kwa uangalifu kama alivyopima nyumba zile. Aliomba Mungu, alimwambia Cécile baadaye, mashine ianguke. Haikuanguka. Kwa nyumba ya mtaa wa Area 47, bei yake na ya kompyuta zilikaribiana mno, hata mnunuzi asingegombania tofauti yake. Kwa nyumba moja ya Area 18, kompyuta ilikaribia bei ya kweli kuliko yeye.

Mayi Nyirongo alimweleza matokeo wakiwa wamekaa ofisini, kila mmoja upande wake wa meza.

“Ingekosea, ningejua la kuwaambia benki,” alisema. “Haijakosea, Cyrille.”

“Nimeona, Mayi.”

“Kazi ikipatikana nitakuita.”

Wote wawili walijua kwamba haitapatikana. Cyrille alirudi Dzaleka, akamsimulia mke wake. Cécile alikuwa na sare za shule za kushona kabla ya muhula kufunguliwa. Hakumfariji, alimpa mkasi. Tangu siku ile Cyrille akawa mkata nguo. Mikono ya mashati aliikata vizuri, lakini watoto walijifunza kutomuuliza habari za mjini.

Mwaka uliofuata Rosalie, mjane kutoka Uvira, alipata nafasi ya kwenda Canada na wanawe. Nyumba yake kambini alikuwa ameijenga na mdogo wake Adolphe, aliyeendesha baiskeli ya kabaza, akibeba abiria hadi Dowa. Adolphe hakuwamo katika safari. Rosalie alitaka kuuza nyumba yote kwa jirani yao Ntahomvukiye, aliyetafuta mahali pa duka. Adolphe alikataa kuhama, akataja bei ndogo ya kumlipa dada yake sehemu yake. Wakafika pahali pa kutosalimiana hata kanisani, na mchungaji akamwendea Cyrille.

Cyrille alikataa. Ardhi ya kambi ni ya serikali, alisema, hakuna hati, hakuna kiwanja, atathamini nini?

Rosalie mwenyewe akaja. “Papa Cyrille, mi nalala mule na batoto kila siku. Mvua hainyeshe ndani. Kama ile haiko nyumba, iko nini?”

Cyrille akachukua futi yake akamfuata.

Alifanya kama alivyozoea: alipima, aligonga, alipanda kutazama mbao za paa. Kila alipofika ukuta mpya aliuliza nani aliujenga. Adolphe alionyesha ukuta wa nyuma, matofali ya kuchoma, aliyoyafyatua wakati dada yake amelazwa hospitali. Rosalie alionyesha mabati aliyonunua kwa kuuza maandazi. Kwanza walimjibu Cyrille tu. Kwenye choo, Rosalie alimgeukia mdogo wake.

“Nani alikusaidia kuchimba hii shimo?”

“Hakuna mutu.”

“Hukuniambiaka.”

“Ulikuwa na mimba ya Arlène. Ningekuambia ya nini?”

Mchana Cyrille aliwakalisha, akawaambia bei. Alihesabu kuta, mabati, milango na ukaribu wa barabara, akapunguza kwa sababu ardhi si yao. Ilikuwa chini ya aliyoitarajia Rosalie na juu ya aliyoitaja Adolphe. Hakuna aliyefurahi.

“Iko kidogo,” Rosalie alisema.

“Iko kidogo,” Cyrille alikubali. “Lakini njo bei yake.”

Wiki ile Adolphe aliuza baiskeli yake, akampa dada yake nusu inayomstahili, akabaki na nyumba. Ntahomvukiye alinuna kidogo, kisha akapata pengine. Siku basi la wasafiri lilipokuja, watu walimwona Adolphe amebeba sanduku la Rosalie kichwani, na Arlène ameshika shati lake kwa nyuma.

Baada ya hapo walimwita wengine: waliokuwa wanaondoka, wajane, hata wanandoa waliokuwa wanaachana. Si wengi. Baadhi walimlipa unga. Mayi Nyirongo alipofunga ofisi mwaka 2018, Cyrille alikwenda kumsaidia kubeba meza, akamsimulia kazi yake mpya. Mama yule alicheka, akasema ripoti za namna hiyo yeye hatii sahihi.

“Hakuna ripoti,” Cyrille alimjibu. “Nawaambia tu kwa mdomo, wakiwa wamekaa wote.”

Siku nyingi bado anakata nguo. Akija mtu kumwita apime, Cécile humuuliza kwanza kama nguo za mezani zimekwisha kukatwa.