Kofia ya Mtoto Ambaye Hajalia

Juzi nilipeleka baiskeli ya mwanangu kwa fundi wa pale karibu na nyumbani, hapa Dodoma mjini. Fundi akafungua gurudumu la nyuma, akaanza kuchomoa spoku, vile vyuma vyembamba, na kuzitupa kwenye sakafu ya saruji bila hata kuziangalia. Tii! Tii! Tii! Mlio ule, jamani! Nilisimama pale na mkoba wa kazini begani, machozi yananilengalenga mbele ya mwanamume ambaye hata jina lake silijui. Akaniuliza, "Vipi mama, umeumia?" Nikamwambia ni vumbi. Uzuri wa Dodoma ndio huo, ukilia unasingizia vumbi na watu wanakuamini.

Ninyi sitawadanganya. Mlio ule ni wa mama yangu. Mama alifumia spoku za baiskeli. Baba alizichomoa kwenye gurudumu lililopinda, mama akazisugua ncha kwenye jiwe la kunolea visu mpaka zikateleza vizuri kwenye uzi. Alipofuma ziligongana, na mimi nikiwa popote pale uani nilijua mama yuko wapi na ana hali gani. Akiwa na furaha zilikwenda mbio. Akiwa amekasirishwa na baba zilikwenda mbio zaidi.

Tulikaa Makutupora, baba akifanya kazi kwenye mashamba ya mizabibu. Mama naye alilima kama watu wengine, alisonga ugali wa uwele, alichuma mlenda, na katikati ya hayo yote alifuma. Alifuma akingoja maharage yaive. Alifuma akitembea kwenda shambani, kapu dogo la uzi likining'inia mkononi. Kwenye mazoezi ya kwaya aliimba sauti ya pili huku anafuma, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameshachoka kumkemea. Watu wa mbali walidhani ni biashara. Wala! Ni kweli mtu aliyefumiwa sweta alileta kuku au karanga, lakini hata asingeletewa kitu angefuma tu. Alikuwa anapenda. Baba alisema amemwoa mwanamke mwenye kapu, na alisema kwa majivuno.

Uzi mwingi aliutoa mnadani, kwenye masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko ambayo hakuna aliyeyataka. Tuliyafua, tukayaanika, kisha tukayafumua. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha mikono mbele huku mama akiuzungusha uzi kwenye viganja vyangu. Pua iliniwasha kila mara kazi ile ilipoanza, na kujikuna sikuweza. Mama alikuwa akinikuna yeye, kisha tunaendelea.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo mtaa mzima ulilijua. Mtu akija kusema kwamba fulani amejifungua, mama hakuuliza ni wa kike au wa kiume, wala amefanana na nani. Aliuliza neno moja tu: "Amelia?" Akiambiwa ndiyo, mtoto amelia, hapohapo aliweka kando alichokuwa anafuma, akaanza kupandisha vitanzi vya kofia. Ila kabla mtoto hajalia, hakugusa uzi kwa ajili yake, hata umbembeleze vipi. Wanawake wengi wa kwetu walikuwa hivyo, hawakumwandalia nguo mtoto ambaye bado hajafika, wakiogopa asije akaghairi njiani. Lakini mama yangu aliwashinda wote. Hata bibi vizee walimwona amezidi.

Nilikuwa darasa la tatu tumbo la mama lilipoanza kuonekana. Hakuna aliyeniambia kitu. Enzi zile sisi tuliambiwa watoto wananunuliwa hospitali, na mimi niliamini, kwa sababu nilikumbuka kwa mbali mama akienda kituo cha afya na kurudi mikono mitupu, nyumba ikajaa kina mama waliokaa kwenye mkeka bila kuongea. Ilitokea hivyo nikiwa mdogo sana, ikatokea tena nilipokuwa naanza shule. Nilichoelewa mimi ni kwamba siku hizo watoto walikuwa wameisha.

Safari hii, mama akaacha kufuma. Si nguo za mtoto peke yake, aliacha kila kitu. Sweta la baba la kijani likabaki bila mkono mmoja. Kapu likatundikwa msumarini. Maharage yakichemka, mama anakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, anaangalia moto. Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa naogopa kurudi nyumbani kutoka shuleni mchana. Kipupwe kilikuwa kinakaribia, na kwetu kipupwe kina upepo unaoingia mpaka chini ya mlango, na mtoto wetu hakuwa na hata soksi. Watoto wa watu wote walikuwa na kofia zilizotoka mikononi mwa mama yangu. Huyu wetu je? Nikafikiri, nikafikiri tena, nikapata jibu. Mama hamtaki.

Niliumia sana. Halafu nikaamua kwamba kama mama hamtaki, basi huyu mtoto ni wangu.

Kufuma nilikuwa nimeshafundishwa, ingawa mkono wangu ulikuwa mzito na nilidondosha vitanzi njia nzima. Spoku zangu nilikuwa nazo. Nikaingiza mkono kwenye kapu kutafuta uzi, na chini kabisa, chini ya ule wa mitumba unaokwaruza, nikakuta uzi wa njano, laini, mzuri kuliko wote. Ulikuwa umejikunjakunja kama uzi uliotoka kufumuliwa, lakini haukuwa wa mnadani. Sikukumbuka kumwona mama akiutumia. Nikasema huu ndio wa mtoto wangu.

Nilifumia shambani, katikati ya mistari ya mizabibu, ambako majani yalinificha. Na huko ndiko Mama Hawa alikonifumania. Mama Hawa alikuwa Mrangi kutoka Kondoa, muuza maandazi, shoga mkubwa wa mama, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo mama," nikasema, nimekaa juu ya kofia.

"Marahaba. Inuka nione unaatamia nini."

Nikainuka. Akaichukua ile kofia, akaigeuza, na kile kicheko chake nilichokuwa nakingoja hakikuja. Akatazama huku na huku. "Ya nani hii?"

"Ya mtoto wetu."

"Wallahi, Merina!" Akanirudishia haraka kama imemuunguza. "Mtu akikuuliza, ni ya mwanasesere. Umesikia? Na mama yako usimwonyeshe. Kaa nayo tu."

Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza, maana kwetu mtoto haulizi. Lakini jioni nilipomkuta mama uani, anapepeta uwele, nilimwonea huruma ghafla. Nilifikiri labda ameshindwa tu kuanza. Labda akiona kofia moja roho yake itamlainikia mtoto. Nikaenda ndani, nikaileta, nikaiweka juu ya ungo, katikati ya uwele.

"Mama, nimemfumia mtoto. Bado kidogo tu."

Mama akaacha kupepeta. Hakunikaripia. Laiti angenikaripia! Aliichukua, akaitafuta ncha ya uzi kwa kucha, akaipata, akavuta. Alifumua polepole, mstari kwa mstari, huku uzi akiuzungusha kwenye vidole vyake, mpaka kofia yangu yote ikawa donge la njano. Kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nenda kaangalie kama kuku wameingia." Nikaenda bandani nikalia na kuku wakinishangaa. Siku ile nilimchukia mama yangu, niseme wazi. Baba alikuja kunitoa, akanipangusa uso kwa kiganja chake kilichonuka dawa ya mizabibu, akasema, "Mwache mama yako, mwanangu. Mwache tu." Ndiyo maelezo yote niliyopewa.

Ngojeni niwaambie nilichokuja kuambiwa na Mama Hawa nikiwa mtu mzima. Mama yangu hakuzaliwa na woga ule. Alipokuwa na mimba yangu alifuma hadharani, akiwacheka bibi vizee na miiko yao, na mimi nikazaliwa salama, nimenona, na masweta ya kubadilisha. Kwa hiyo mimba iliyofuata akaenda mjini, akanunua uzi mpya wa dukani, wa njano, akafuma kofia, soksi na shali. Yule mtoto hakulia. Mama akazifumua zote. Miaka ikapita, akapata mimba nyingine, akajipa moyo, akafuma tena kwa uzi uleule. Na yule naye hakulia. Akafumua tena, akauficha uzi chini ya kapu, na tangu hapo hakumfumia mtoto yeyote kabla hajauliza kama amelia. Sasa ndio huo uzi niliomwekea juu ya ungo, tayari umeanza kuwa kofia kwa mara nyingine, na mwenyewe tumboni akicheza.

Alikwenda kituo cha afya asubuhi moja ya upepo mkali, amefungwa khanga mbili, Mama Hawa amemshika mkono. Baba alitangulia na baiskeli iliyobeba ndoo na godoro. Mimi nikaambiwa nibaki na kuku. Nilikaa mlangoni siku nzima. Sikuwa na hasira tena. Nilikuwa naogopa, na nilichoogopa ni kwamba watarudi tena kina mama wa kukaa kwenye mkeka.

Alasiri nikamwona baba anakuja, anakanyaga pedali kwa nguvu, shati limejaa upepo. Nilijua nini cha kuuliza. Nilikimbia mpaka barabarani nikashika usukani wa baiskeli.

"Baba, amelia?"

"Amelia!" Baba mwenyewe alikuwa analia, mtu mzima yule, bila haya. "Amelia mpaka wodi nzima wameamka. Wa kiume. Na mama yako amenituma kwako. Anasema, mwambie Merina sasa aanze. Anasema utumie ule wa njano."

Nikalitoa donge la njano kapuni, na vitanzi vya mwanzo baba ndiye aliyenishikia. Nilifuma mpaka nikaitwa kula, na kesho yake nilifuma njia nzima ya kwenda kituoni, uzi ukikokota vumbi nyuma yangu. Mama alikuwa amekaa kitandani, mdogo wangu amefungwa kilemba cha mama kichwani, uso mwekundu, amenuna. Nikamkabidhi mama kofia, nusu.

Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Merina, hii ni kofia au chujio la chai?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, Mama Hawa naye akapokea kicheko, nesi akaja kuona kuna nini. "Lete hapa spoku hizo," mama akaniambia.

Akaviokota vitanzi nilivyodondosha, kimoja kimoja, bila kufumua hata mstari mmoja niliofuma mimi, kisha akaendelea pale nilipoishia. Nesi akamwambia apumzike. Mama hata kichwa hakuinua. "Niache, sista. Nimengoja sana." Spoku zikagongana, mtoto usingizini mapajani pake, na mimi nikapanda kitandani nikaegemea bega lake nikisikiliza. Kofia ikaisha, akaanza soksi. Baada ya soksi akaanza shali. Siku ya kurudi nyumbani mdogo wangu alikuwa na nguo kuliko baba. Leo ni dalali wa mahindi sokoni Kibaigwa, jitu zima, na kipupwe kikija anatembea na fulana tu, mama anampigia simu kumgombeza.

Zamu yangu nayo ikafika. Mimba ya kwanza, nimeolewa, nina kazi ya ofisi, na miiko ya kizamani najidai siiamini. Nikaingia duka la nyuzi pale mjini wakati wa chakula cha mchana. Nikashika uzi, nikaupitisha shavuni, vidole vikaanza kwenda vyenyewe. Mwenye duka akauliza anifungie madonge mangapi. Nikaurudisha kwenye rafu, nikatoka mikono imekunjwa kwapani nisije nikageuka. Nililia barabarani, mchana kweupe. Nilijizuia kwa dakika chache tu, na uzi ni wa dukani, hauna historia ya mtu. Mama alikuwa na wake ndani ya nyumba, msumarini, juu ya kichwa chake, miezi yote ile, anatamani, anaogopa, anamlinda mwanawe kwa njia moja tu aliyobaki nayo. Na mimi nilikuwa nakaa mbele yake kila siku, nikiitazama ile mikono mapajani, nikidhani hafanyi kitu.