Sera ya Barua Pepe Niliyoilegeza

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya nafaka hapa Eldoret, Mkuu wa Kompyuta alinisimamisha mbele ya seva ya barua pepe akasema, "Hii programu ya barua usiiamini. Inaongea na dunia nzima." Ndiyo maana tuliibana kwa sera ya usalama, yaani kanuni zinazosimamiwa na seva yenyewe. Kila programu na kila faili ilibandikwa lebo, na sera ikataja lebo ipi iguse ipi. Programu ya barua iliruhusiwa masanduku ya barua tu. Mafaili ya ofisi yaliyokaa kwenye mashine hiyohiyo hayakuihusu. Niliipenda kazi hiyo, na nilijivuna kuliko ilivyofaa.

Mkuu alipostaafu nikashika nafasi yake. Siku moja nilihamishia masanduku kwenye diski mpya, nikasahau kuyabandika lebo upya. Asubuhi sera ikaizuia programu kuyagusa, barua zote zikakwama. Meneja Mkuu akaja mwenyewe.

"Mzee, wakulima wa Moi's Bridge wananingoja. Hiyo security yako si uizime kwanza?"

"Nipe masaa mawili, boss, nirekebishe."

"Masaa mawili? Zima sasa, utarudisha kesho."

Sikuizima kabisa. Niliiweka katika hali ambayo sera huona kosa, huliandika kwenye daftari la mashine, kisha huliacha lipite. Barua zikaenda, nikasifiwa. Kesho ikawa miezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Barua za siri za zabuni, zilizokuwa kati ya yale mafaili ya ofisi, zilivuja. Lawama zikamwangukia Mama Njoki, karani aliyezichapa.

"Mimi sijapea mtu hiyo file," aliniambia akilia. "Wewe ndio unajua hizi mashine, Mzee. Si uwaambie?"

Nikafungua daftari. Mstari kwa mstari, programu ya barua, ikiwa mikononi mwa mtu wa nje, ilikuwa imefungua mafaili yale. Nilirekebisha lebo siku hiyohiyo, nikarudisha sera, nikanyamaza. Mama Njoki akafutwa kazi. Naona haya hadi leo.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza, nawaambia wasikubali "kesho" ya bosi. Hilo ni rahisi kusema.

Mama Njoki ana duka Yamumbi. Juzi nilitoka kwangu, mtaa wa West Indies hapa Eldoret, nikaenda kumwambia ukweli. Kabla sijafungua kinywa, alinivutia kiti, akamgeukia mteja.

"Huyu Mzee tulifanya kazi na yeye. Wote walinisema vibaya. Ni yeye tu alinyamaza."

Nikanunua kiberiti, nikarudi nyumbani.